KADI YA MICHORO NA DRAIVA YAKE: ISTILAHI MKONONI MWA FUNDI

1. Utangulizi

Mara nyingi istilahi hupimwa mezani. Twauliza: je, neno hili lina mzizi wa Kiswahili? Latamkika kwa urahisi? Lanyumbulika? Halijakwisha kupewa kitu kingine? Vipimo hivi ni vya lazima, wala makala haya hayakusudii kuvibeza. Lakini kiko kipimo kingine ambacho hatukipi haki yake, nacho ni kazi yenyewe. Neno la ufundi ni mjumbe. Likimfikia mtu mwenye bisibisi mkononi, hapana budi limwelekeze mahali panapostahili. Likimpeleka pengine limeshindwa, hata kama linapendeza masikioni.

Katika makala haya nitaeleza kazi moja ndogo, yaani kuongeza kadi ya michoro katika kompyuta ya mezani ya zamani na kuipatia draiva yake. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, shule na ofisi nyingi hutumia kompyuta zenye umri wa miaka kumi au zaidi, na kazi hii mara nyingi huangukia mwalimu au karani asiyekuwa fundi. Pili, ni katika kazi hii hii nilipokosea mimi mwenyewe.

2. Kosa la mstari wa tatu

Miaka michache iliyopita nilipewa karatasi moja ya maelekezo niifasiri kwa ajili ya chuo kimoja cha ualimu. Chuo kilikuwa na kompyuta za mezani zilizokwisha kutumika kwingine, pamoja na kadi kadhaa za michoro za kuzitia ndani yake. Mstari wa tatu niliuandika hivi: "Ondoa kiendeshi cha zamani." Mwandishi wa asili alikusudia programu. Alitaka ile programu iliyokuwa ikihudumia chombo cha michoro kilichotangulia ifutwe wakati kompyuta ingali inawaka, na baada ya hapo ndipo kompyuta izimwe na kufunguliwa.

Mwalimu aliyekabidhiwa kazi aliusoma mstari huo, akazima mashine, akafungua kasha, akatafuta kitu kiitwacho kiendeshi. Alikipata. Katika mafunzo yake alikuwa amefundishwa kwamba kiendeshi ni chombo cha kuzungushia diski na kusomea yaliyomo. Akalegeza skrubu nne, akachomoa nyaya mbili, akaiweka diski kuu ya chuo dirishani. Alipowasha tena, kompyuta ilionyesha mstari mmoja wa maandishi meupe, kwamba hakuna chombo cha kuanzia kazi.

Ndani ya diski ile mlikuwa na alama za wanafunzi za mihula miwili. Siku tatu zilipita kabla ya fundi kufika na kuirudisha mahali pake. Kwa bahati njema haikuwa imeanguka wala kulowa mvua. Mwalimu yule aliniandikia kuomba radhi, nami nilimjibu kwamba radhi nilipaswa kuiomba mimi, kwa kuwa yeye alitii kila neno nililoliandika.

3. Kadi na mahali pake

Kadi ya michoro ni ubao mdogo wenye kichakataji chake na, katika kadi zilizo nyingi, kumbukumbu yake yenyewe. Kazi yake ni kukokotoa rangi ya kila nukta ionekanayo kwenye kiwambo. Kiwambo cha nukta 1920 kwa 1080 kina jumla ya nukta 2,073,600, na kwa kawaida hupakwa upya mara 60 kwa kila sekunde. Hapa neno "michoro" lataka maelezo kidogo, maana watumishi wengine wa ofisi hudhani kwamba kadi hii ni ya wahandisi na wachora ramani tu. Ukweli ni kwamba kwa kompyuta kila herufi ya barua ni mchoro. Kompyuta isiyo na kadi ya namna hii hutumia chombo cha michoro kilichomo ndani ya ubao mama au ndani ya kichakataji kikuu, nacho huazima sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta nzima.

Kadi hupachikwa katika nafasi maalumu juu ya ubao mama. Kompyuta zilizotengenezwa baada ya mwaka 1997 zilikuwa na nafasi ya aina ya AGP. Kanuni za aina iliyoirithi, yaani PCI Express, zilitolewa mwaka 2003. Aina hizi mbili hazioani hata kidogo. Lakini ndani ya PCI Express yenyewe, kadi ya toleo jipya kwa kawaida hufanya kazi katika nafasi ya toleo la zamani, ila kwa kasi ya ile nafasi.

Jambo la pili ni umeme. Nafasi kubwa ya PCI Express huweza kuipa kadi hadi wati 75. Kadi inayohitaji zaidi huunganishwa na waya wa ziada: wenye pini 6 huongeza wati 75, na wenye pini 8 huongeza wati 150. Kompyuta za ofisi za zamani aghalabu zina uwezo wa wati 240 hadi 300 kwa vyombo vyote kwa pamoja, na nyingi hazina waya huo wa ziada. Kwa hiyo yafaa kuchagua kadi isiyo na tamaa ya umeme. Mfano ni GeForce GT 1030 iliyotoka mwaka 2017, ambayo hula wati 30 hivi tu.

Kile chombo kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kasha, mafundi hukiita pawasaplai. Mwenzetu mmoja aliwahi kupendekeza kiitwe "mgao wa umeme". Kwa sarufi hakukosea. Lakini mwananchi wa Tanzania akisoma kwamba kompyuta yake ina mgao wa umeme, atakwenda kutafuta mshumaa. Neno lililokwisha kuishi na watu huja na maisha yake, na mwundaji wa istilahi hawezi kulivua maisha hayo kwa amri.

4. Ukoo wa kitenzi "endesha"

Turudi kwenye kosa langu. Kitenzi "endesha", yaani kufanya kitu kiende, kimezaa istilahi tatu katika fani ya kompyuta:

(a) mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia kazi zote za kompyuta;
(b) kiendeshi, yaani chombo cha kuzungusha au kusoma diski;
(c) kiendeshi, yaani programu inayokiwezesha kifaa fulani kufanya kazi.

Kiingereza kimevitaja vitu (b) na (c) kwa maneno mawili ya mzizi mmoja yanayotofautiana mwishoni tu. Sisi tulifuata mzizi, tukatia kiambishi ki-, na ile tofauti ndogo iliyokuwapo ikapotea. Lakini vitu vyenyewe viko mbalimbali sana. Kimoja kina umbo, uzito na skrubu. Kingine hakishikiki.

Msomaji aliye mfasiri ataielewa kazi ya programu hiyo upesi nikisema kwamba ni mkalimani. Mfumo endeshi hutoa amri kwa lugha ya jumla: piga mstari toka hapa hadi pale, jaza eneo hili rangi ya bluu. Kadi nayo hujua amri za mtengenezaji wake tu. Draiva husimama katikati na kufasiri. Isipokuwapo, mfumo endeshi hutumia amri chache za msingi ambazo kadi zote huzifahamu. Kiwambo huwaka, lakini herufi huwa kubwa zisizo na umbo zuri, na picha husogea kwa kujivuta. Watu wengi wakiona hivyo hudhani kadi ni mbovu, kumbe imekosa mkalimani tu.

Je, basi tuiite "kikalimani"? Nililifikiria neno hilo kwa muda mrefu. Nimeliacha kwa sababu kompyuta ina programu nyingine za kufasiri, zikiwamo zile zinazofasiri lugha za programu mstari kwa mstari, nazo zalistahili zaidi. Tungetoka katika utata mmoja na kuingia katika mwingine.

Mafundi wenyewe husema "draiva". Sikiliza wanavyolitumia: "Draiva hii imekataa", "draiva hizi ni za zamani". Wakati huo huo mtu yule yule husema: "Dereva huyu amekataa." Maneno haya mawili yametoka kisima kimoja kwa nyakati mbalimbali. La kwanza kufika lilivikwa upatanisho wa watu, na la pili likaingia katika ngeli ya I-ZI pamoja na vitu. Hakuna kamati iliyokaa kuamua hivyo. Ni sarufi ya Kiswahili iliyoyatenga, na hakuna anayeyachanganya.

Twajua kwamba katika kuunda istilahi hutafutwa kwanza neno la Kiswahili na lahaja zake, kisha la lugha nyingine za Kibantu, kisha la lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho la lugha za kigeni. Nauheshimu utaratibu huu. Lakini huu ni utaratibu wa kutafuta, nao hautuzuii kulihukumu neno lililopatikana. Neno la asili likipatikana, kisha likaonekana lapoteza watu njia, si haba kuendelea kutafuta. Kwa hiyo napendekeza "kiendeshi" kiachiwe chombo chenye umbo, na daima kiandikwe kwa ukamilifu, "kiendeshi cha diski". "Draiva" iwe ile programu. "Mfumo endeshi" ubaki ulivyo.

5. Vitenzi navyo ni istilahi

Kubadili nomino hakungetosha kulisahihisha kosa langu, kwa sababu kitenzi "ondoa" nacho kilishiriki. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa kutia kadi na kutia programu. Kiswahili hakina ufukara huo. Kuingiza kitu mahali pake kikashika, kama mshale katika uzi wa upinde, ni kupachika. Kukivuta kutoka mahali hapo ni kuchomoa. Programu hukaa katika diski kama mkazi nyumbani, nasi twasema kusakinisha. Maandishi yasipotakiwa tena hufutwa.

Nashauri basi kwamba katika maelekezo ya kompyuta vitenzi vigawanywe mafungu mawili. Vya vitu vinavyoshikika ni pachika, chomoa, chomeka, kaza na legeza. Vya programu ni pakua, sakinisha na futa. Mwalimu yule angalisoma "futa", asingeligusa bisibisi, hata kama nomino ingebaki ile ile mbaya.

6. Karatasi iliyosahihishwa

Hii ndiyo sura ya maelekezo baada ya kurekebishwa:

(1) Hakikisha kwamba ubao mama una nafasi ya PCI Express, kwamba kasha lina kimo cha kutosha, na kwamba pawasaplai yaweza kuibeba kadi. Tazama pia matundu ya kiwambo. Viwambo vya zamani hutumia VGA ya pini 15, iliyoanza mwaka 1987, na kadi nyingi za karibuni hazinayo.

(2) Tazama kama mfumo endeshi ni wa biti 32 au 64, kisha pakua draiva inayolingana nao kutoka kwa mtengenezaji wa kadi. Usipuuze hatua hii. Kampuni ya Nvidia, kwa mfano, iliacha mwaka 2018 kutoa matoleo mapya ya draiva kwa mifumo ya biti 32, na mwaka 2021 ikaacha kuyatoa kwa Windows 7.

(3) Kompyuta ingali inawaka, futa draiva ya zamani ya michoro. Usifungue kasha.

(4) Zima kompyuta na chomoa waya wa umeme ukutani.

(5) Fungua kasha. Gusa chuma chake kwanza, ili umemetuli uliomo mwilini usiidhuru kadi.

(6) Pachika kadi katika nafasi yake hadi ikae sawasawa, kisha kaza skrubu yake.

(7) Funga kasha. Chomeka kebo ya kiwambo kwenye kadi, si kwenye tundu la zamani la ubao mama.

(8) Washa kompyuta, sakinisha draiva mpya, kisha zima na uwashe tena.

7. Hitimisho

Karatasi hii niliipeleka chuoni kwa mwalimu yule yule kabla ya kuipiga chapa, nikamwomba aifuate mbele yangu pasipo kuniuliza neno. Kadi iliingia, herufi zikanyooka, na diski haikuguswa. Alisita mara moja tu, kwenye neno "umemetuli", ndipo nikaongeza yale maneno machache yanayolifuata.

Nawaomba walimu, wafasiri na watumishi wenzangu wafanye vivyo hivyo. Kabla ya kuidhinisha maelekezo yoyote ya ufundi, mpe mtu atakayeyafuata, kaa kando, utazame mikono yake. Na mnaposikia katika karakana maneno ambayo mafundi wameyazoea, yaandikeni pamoja na upatanisho wake wa kisarufi, kisha mtuletee. Huenda kazi tunayohangaika nayo mezani imekwisha kufanywa huko.