Anayejenga Khwisero apime udongo kabla ya kuchora ramani ya nyumba

Mkazi wa Khwisero, Kaunti ya Kakamega, husikia habari za kupima udongo kwa njia mbili, na wengi huzichanganya. Maafisa wa kilimo humshauri apeleke sampuli za shamba lake kwenye maabara ili ajue iwapo ardhi imezidi asidi na inahitaji chokaa kabla ya mahindi kupandwa. Kisha, siku anapoamua kujenga nyumba ya kudumu, hasa ya ghorofa, mhandisi au afisa wa mipango humwambia kwamba ombi lake la idhini linahitaji ripoti ya udongo.

Vipimo hivyo havina uhusiano. Cha mkulima huchukua udongo wa juu, kina cha sentimita 20 hivi, na kutafuta rutuba. Cha mjenzi huupuuza udongo huo wote, kwa kuwa ndio unaochimbuliwa na kutupwa kabla ya msingi kuwekwa. Swali lake ni moja: ardhi iliyo chini itabeba uzito wa kiasi gani bila kudidimia? Anayepeleka ripoti ya chokaa na mbolea katika ofisi ya mipango atakuwa amepoteza nauli.

Msingi wa kisheria ni Sheria ya Mipango ya Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996. Sheria hiyo yamtaka mtu apate idhini ya serikali ya kaunti kabla ya kuanza ujenzi, na anayekaidi anaweza kutozwa faini ya hadi Sh500,000. Yasema pia kwamba mwombaji asiyepata jibu la maandishi kwa siku 60 atahesabiwa kuwa amepewa idhini. Kwa hivyo ni busara kuhifadhi nakala ya ombi iliyopigwa muhuri na tarehe ya kupokelewa. Mbali na hayo, kanuni za ujenzi za 1968, zilizotumika kwa zaidi ya nusu karne, zimetoa nafasi kwa Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024, zilizoanza kutekelezwa Machi 2025.

Wengi mashambani huona kwamba sheria hizi ni za Nairobi. Ni kweli kwamba mkasa unaokumbukwa zaidi ulitokea huko: jengo la ghorofa sita mtaani Huruma, lililokuwa karibu na mto, liliporomoka usiku wa Aprili 29, 2016 baada ya mvua kubwa, na watu wasiopungua 49 wakafa. Lakini Kakamega nayo ina kumbukumbu yake. Agosti 2007, mlima uliporomoka katika kijiji cha Khuvasali, upande wa Malava, ukafunika nyumba na kuua watu kadhaa. Khwisero haina mwinuko mkali kama huo, ila ina miteremko inayoelekea Mto Yala na vijito vinavyoumwagia maji, na watu wanazidi kujenga humo.

Sababu ni uhaba wa ardhi. Sensa ya 2009 ilihesabu zaidi ya watu 100,000 katika eneo hili lisilofika kilomita 150 za mraba. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, na anayerithi mwisho hupata kipande cha bondeni au ploti iliyowahi kutumika kwa shughuli nyingine. Hapo ndipo hatari ilipo. Udongo mwekundu wa mlimani, ulio juu ya muramu mgumu, kwa kawaida huibeba nyumba ya chumba cha chini bila taabu. Udongo wa bondeni mara nyingi ni mfinyanzi wenye maji karibu, huvimba wakati wa masika na kujikunja wakati wa kiangazi, na ukuta ulio juu yake hupasuka kwa mshazari kuanzia pembe ya dirisha. Mbaya zaidi ni shimo lililofukiwa: choo cha zamani, kisima kilichokauka, au mahali palipochimbwa udongo wa matofali. Juu huonekana nyasi tu. Katika eneo jirani la Ikolomani, ambako dhahabu imechimbwa tangu miaka ya 1930, kuna pia mashimo ya wachimba migodi ambayo hayamo katika ramani yoyote ya ardhi.

Kwa hivyo kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Kinahitaji mzee. Kabla ya kumlipa mtaalamu, mwenye ploti awaulize majirani walioishi hapo miaka 40 choo kilikuwa wapi, maji hutuama wapi, na kwa nini nyumba ya zamani ilihamishwa. Mhandisi mwema huuliza maswali hayohayo.

Kisha huchimbwa mashimo ya majaribio, mawili au matatu, mahali hasa ambapo kuta zitasimama. Kwa nyumba ndogo, vijana wa kijiji wenye majembe wanaweza kufika mita mbili au tatu, na mhandisi akashuka kutazama tabaka moja baada ya jingine. Kwa ghorofa hutumiwa mashine ya kutoboa, na pamoja nayo jaribio la nyundo: uzito wa kilo 63.5 huangushwa kutoka kimo cha sentimita 76, na mapigo yanayohitajika kuizamisha bomba sentimita 30 yakahesabiwa. Mapigo machache ni udongo dhaifu. Mengi ni udongo imara. Sampuli hupelekwa maabara kupimwa unyevu, ukubwa wa chembe, na kiwango cha maji ambacho udongo huacha kuwa mgumu ukaanza kufinyangika, kipimo kilichobuniwa na Albert Atterberg, mwanakemia wa Uswidi, mwaka 1911.

Tarehe ya kuchimba ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Shimo la Februari laweza kuwa kavu hadi chini, na Mei likawa na maji nusu. Ripoti isiyotaja tarehe wala kina cha maji ina upungufu, hata ikiwa na kurasa 30.

Ripoti yenyewe huishia kwenye tarakimu moja ambayo mwenye nyumba apaswa kuitafuta: uwezo wa ardhi kubeba uzito, unaoandikwa kwa kilonyutoni kwa mita ya mraba. Kilonyutoni 100 ni sawa na takriban tani 10 juu ya kila mita ya mraba. Baada ya hapo huja ushauri: msingi uende kina gani, uwe mpana kiasi gani, udongo uondolewe na kujazwa muramu ulioshindiliwa, au nyumba isogezwe.

Neno hilo la kusogeza nyumba ndilo huleta mvutano. Katika boma la Kiluhya, nafasi ya nyumba haichaguliwi ovyo. Mila huzingatia nyumba ya baba na lango, na hata simba ya kijana ina mahali pake. Mtaalamu akisema pembe aliyopewa mwana ni tope tupu, familia italazimika kuketi na kuzungumza. Ni afadhali mazungumzo hayo yafanyike mapema. Kawaida iliyopo ni kinyume: msanifu huchora ramani, fundi hununua mawe, ndipo ripoti ya udongo hutafutwa mwishoni ili faili lijae. Udongo ukikutwa dhaifu, michoro ya msingi hurudiwa na gharama hulipwa mara mbili. Wapo hata wanaonunua ripoti ya ploti nyingine ikabadilishwa jina. Muhuri utapatikana, lakini nyumba itasimama juu ya udongo ambao haukupimwa.

Anayetia sahihi awe mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi Kenya (EBK), na namba yake ya usajili yaweza kuthibitishwa katika orodha ya bodi hiyo. Gharama kubwa huwa ni kuileta mashine kutoka mbali, hivyo majirani wawili wanaojenga mwaka mmoja wanaweza kuichangia safari. Mashimo, hata hivyo, lazima yawe katika kila ploti.

Kuna kikwazo kingine ambacho hakimo udongoni. Ombi la idhini huambatanishwa na hati ya umiliki, na hati nyingi za Kisa zingali kwa jina la babu aliyekwisha kufa. Mrithi asiyemaliza kesi ya urithi mahakamani anaweza kuwa na ripoti safi ya udongo na asiweze kuwasilisha ombi kwa jina lake. Aanze na hati.

Idhini ikishatolewa, ripoti isifungiwe kabatini. Siku mitaro ya msingi inapochimbwa, mhandisi aitwe aitazame kabla ya zege kumwagwa, kwa kuwa mashimo matatu hayawezi kuonyesha kila kilichofukiwa chini ya ploti nzima.