Irisi Inayotembea: Tuitambue, Tuilime, Tugawane Watoto Wake

Juma hili tunazungumza juu ya maua. Tunajua kuna atakayesema kwamba maua hayaliwi, na unga umepanda bei. Ni kweli. Lakini katika makundi yetu wako wamama ambao miche ya maua inawapatia franka za kuweka kwenye AVEC kila juma, na wengine wamelipa likelemba kwa makopo kumi ya maua yaliyopangwa mbele ya parsele. Kazi hiyo inasimama juu ya neno moja: mnunuzi apate mmea ulioitwa kwa jina lake. Mama akiuza glayeli na kusema ni irisi inayotembea, siku ua litakapofunguka mnunuzi atajua. Hatarudi kwake, na hatarudi kwetu sisi tunaoketi naye kando ya barabara.

Ndiyo maana tumechagua mmea huu mmoja, kwa sababu ndio unaoleta maswali mengi katika mikutano. Wengine wanauita ua la mitume, wengine ua linalotembea, na kuna wanaouchanganya na mimea mitatu au minne mingine. Jina lake la kisayansi ni Neomarica gracilis. Kama mihogo, mahindi na maharagi yetu, asili yake ni Amerika, kwenye nchi za joto, hasa Brazili. Huko huota chini ya miti mikubwa ya msitu. Mama akishika neno hilo moja, kwamba ni mtoto wa kivuli cha msitu, nusu ya kazi ya kuutunza ameshaielewa.

NAMNA UNAVYOTEMBEA

Majani ya irisi hii hutoka chini yakiwa yamepangwa kama pepeo lililofunguliwa. Katikati ya majani hutoka kikonyo cha ua. Kikonyo hicho ni bapa na kijani, kinafanana kabisa na jani, hata mtu asiyeujua mmea huu husema ua limetoka ubavuni mwa jani.

Ua likiisha kunyauka, mahali palepale huanza kuota mtoto: mmea mdogo wenye majani yake, na baadaye vijizizi vidogo chini yake. Mtoto anaongezeka uzito, kikonyo kinainama, kinainama tena, mpaka mtoto anagusa udongo. Hapo anatia mizizi, anakua, anatoa kikonyo chake, naye anainama mbele zaidi. Baada ya miaka kadhaa mmea uliopandwa karibu na mlango unakutwa umefika kwenye ukuta. Haujatembea kwa miguu. Umetembea kwa watoto wake.

TUUTAMBUE KWA MAMBO MATANO

Mama anayetaka kununua au kuuza asiridhike na jina tu. Aangalie mambo haya.

La kwanza ni majani. Ni bapa kama upanga, yanafikia sentimita 40 hadi 60 kwa urefu na upana wa vidole viwili hivi. Yamepangwa upande mmoja na upande mwingine, kama pepeo, si kuzunguka pande zote.

La pili ni kikonyo. Ukikishika kati ya vidole ni bapa kama jani. Kama ni cha mviringo kama ubua wa kitunguu, mmea huo ni mwingine.

La tatu ni ua. Lina petali sita. Tatu za nje ni nyeupe na zimefunguka, na karibu na katikati zina alama za kahawia na manjano. Tatu za ndani ni ndogo, za rangi ya buluu au zambarau, nazo zimejikunja kuelekea nyuma. Upana wake ni kama sentimita 5 au 6, na lina harufu nzuri.

La nne ni muda. Ua hufunguka asubuhi na jioni limekwisha. Usihuzunike: kikonyo kilekile huweza kutoa mengine siku zinazofuata.

La tano ni mtoto. Anaota juu ya kikonyo, palepale ua lilipokuwa.

NDUGU ZAKE NA WANAOFANANA NAO

Irisi hii ina ndugu wa karibu. Kuna Neomarica northiana: majani yake ni mapana zaidi, na ua lake ni kubwa, linaweza kufika sentimita 10. Nayo hutembea. Kuna nyingine ndefu, Neomarica caerulea, ambayo majani yake yanaweza kupita mita moja na ua lake ni la buluu karibu lote. Vikonyo vyake husimama wima. Tena iko yenye maua ya manjano na madoadoa ya kahawia. Zote ni nzuri, lakini mama asiuze moja kwa jina la nyingine.

Anayetuchanganya zaidi ni Dietes. Huyu ni wa bara letu: asili yake ni kuanzia Ethiopia hadi Afrika ya Kusini, na hupandwa sana pembeni mwa bustani. Ua lake nalo ni jeupe lenye zambarau katikati. Hata hivyo majani yake ni membamba na magumu, kikonyo chake ni chembamba cha mviringo chenye matawi, na petali zake sita zote zimelala wazi. Angalia petali za ndani: zikiwa hazijajikunja, huyo ni Dietes. Usitegemee mtoto peke yake, kwa kuwa Dietes nayo mara nyingine huotesha mtoto juu ya kikonyo.

Wa pili ni ule mmea wa ndani ya nyumba wenye majani ya kijani na mistari myeupe, unaoning'iniza watoto kama buibui. Unaitwa Chlorophytum, nao ni wa Afrika. Majani yake ni laini na yanaanguka pande zote, na maua yake ni madogo kama nyota nyeupe.

Wa tatu ni glayeli. Majani yake yamepangwa kama pepeo pia, ndiyo sababu miche yake michanga hudanganya watu. Fukua kidogo: glayeli ina kitu cha mviringo kama kitunguu chini ya udongo. Irisi inayotembea ina shina fupi linalolala, kama tangawizi nyembamba, lenye mizizi mingi. Tena glayeli hukauka majani baada ya msimu wake. Irisi yetu hubaki kijani mwaka mzima.

MAHALI, UDONGO NA MAJI

Uweke mmea mahali penye mwanga lakini jua la saa sita lisiupige. Barazani, chini ya mwembe au mwavokado, au upande wa nyumba unaopata jua la asubuhi, hapo ni pazuri. Katika giza majani yatakuwa ya kijani sana lakini maua hayatakuja. Katika jua kali majani yatapauka na ncha zitaungua.

Udongo uwe mweusi, mwepesi, unaoshika unyevu bila kutuama. Tunachanganya mafungu mawili ya udongo mweusi, fungu moja la mboji iliyooza vizuri na fungu moja la mchanga. Samadi mbichi isitumiwe, inaunguza mizizi. Kwa wamama wa Goma, ambako sehemu nyingi udongo ni haba juu ya mawe ya volkano, chombo ndicho shamba. Bidoni ya mafuta ya lita 5 iliyokatwa, sufuria iliyotoboka, au ndoo iliyopasuka inafaa, mradi iwe na matundu chini.

Maji: tia kidole kwenye udongo. Ukikauka juu, mwagilia. Ukiwa bado na unyevu, ngoja. Huku Bukavu mvua zikianza mwezi wa Septemba mmea wa nje hauhitaji kazi nyingi. Kuanzia Juni hadi Agosti ndipo tunapaswa kuukumbuka. Mama wa Lubumbashi, ambaye asubuhi za Juni na Julai ni za baridi, auweke karibu na ukuta na apunguze maji.

Neno moja kwa ajili ya watoto wetu: kama umeweka sahani chini ya chombo, mwaga maji yanayobaki. Mbu hutaga mayai kwenye maji yaliyotuama, hata yakiwa kidogo. Ua zuri lisituletee homa nyumbani.

KUPATA MICHE YA KUUZA

Hapa ndipo faida ilipo, kwa kuwa mmea wenyewe unazaa miche bila mbegu kununuliwa.

Ngoja mpaka mtoto awe na majani kadhaa na vijizizi vinaonekana chini yake. Usimkate. Leta kopo dogo lenye udongo kando ya mama yake, inamisha kikonyo, mlaze mtoto juu ya udongo na umshikize kwa jiwe dogo au waya uliokunjwa. Udongo usikauke. Baada ya majuma manne hadi sita, mvute kidogo sana kwa vidole. Akishika, ameota mizizi. Sasa kata kikonyo. Akilegea, mwache majuma mengine mawili. Mtoto akiwa ameshakatwa au kikonyo kimevunjika, mweke kwenye glasi ya maji yanayogusa chini yake tu, badilisha maji kila baada ya siku mbili, kisha mpande mizizi ikitokea.

Njia ya pili ni kugawa kisiki. Mmea uliojaa chombo ung'oe mwanzoni mwa mvua, ukate kwa kisu safi, kila kipande kiwe na pepeo lake la majani na mizizi yake.

Usiuze mtoto siku uliyomkata. Mpe majuma mawili au matatu kwenye kopo lake kivulini, ndipo apelekwe sokoni. Mnunuzi ambaye mmea wake umekufa nyumbani hasemi kwamba alisahau maji. Anasema ulimuuzia ugonjwa.

MARADHI NA WADUDU

Majani yakiwa ya manjano kuanzia chini na udongo una harufu mbaya, maji yamezidi: mizizi inaoza. Toa mmea, kata iliyo laini na nyeusi, panda kwenye udongo mpya. Ncha za majani zikikauka, mara nyingi ni kiu au jua. Konokono hula majani usiku. Tafuta chini ya chombo asubuhi na uwatoe kwa mkono. Ukiona vidudu vyenye unga mweupe kwenye maungio ya majani, futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, urudie baada ya juma.

SI DAWA, SI MBOGA

Tunalisema hili kwa nguvu. Mmea huu ni wa kupendeza macho na kutupatia senti. Usichemshwe kwa tumbo la mtoto, wala mtu asikubali kununua mizizi yake kama dawa. Katika jamaa hii ya irisi iko mimea inayojulikana kwa kuua ng'ombe, kwa hiyo mbuzi, sungura na kobayi wasipewe majani yake. Tena wenye kufanana nao, hasa mimea ya maua yenye kitunguu chini, baadhi yao ina sumu kali. Mtoto anayetambaa na kopo la maua visikae sakafuni pamoja. Mtoto akila mmea wowote wa bustani, chukua jani lake uende nalo kituo cha afya, ili muuguzi aone ni nini.

MASWALI YA WAMAMA

Je, ni lazima uwe na majani 12 ndipo utoe maua? Hapo ndipo jina la mitume lilipotoka: watu walisema pepeo hutoa ua likifikisha majani 12. Usihesabu kama sheria. Neno la kweli ndani yake ni kwamba mmea mchanga hauchanui. Lazima ukue kwanza.

Mmea wangu ni mkubwa, mbona hauchanui? Usogeze penye mwanga zaidi, na uupe mboji mwanzoni mwa mvua.

Tunahama, tutauacha? Hapana. Wengi wetu tumehama zaidi ya mara moja, na wengine tuliondoka bila kuchagua siku. Mtoto mmoja wa mmea huu, akifungwa mizizi kwa kitambaa chenye maji ndani ya sashe, huvumilia safari ya siku kadhaa. Mama yake akibaki kwa jirani, ni vizuri vilevile: siku moja mtaombana mche.

KAZI YA JUMA HILI

Mwenye irisi inayotembea alete mtoto mmoja kwenye mkutano ujao wa kundi lake, na kipande cha karatasi kilichoandikwa jina. Tutaiweka mezani pamoja na Dietes na glayeli, na kila mama atashika kikonyo kwa vidole vyake mwenyewe. Asiyejua kusoma atajua kwa kugusa. Atakayetambua yote bila kukosea, ndiye atakayepeleka mtoto huyo nyumbani, na mwakani atatuletea wawili.