Printa moja, kompyuta zisizoelewana

KATIKA vibanda vya steshenari na ofisi za vyama vya ushirika, printa moja huhudumia kompyuta mbili au tatu. Zote zikiwa za Windows, kazi huenda. Ikiongezwa moja ya Linux, stakabadhi za wakulima hukwama, foleni hurefuka, na fundi huanza kuilaumu printa.

Mara nyingi printa haina kosa. Windows huigawa kwa lugha ya SMB, Linux kwa CUPS, na mkalimani wao ni programu ya Samba. Tangu 2017, Microsoft ilipoanza kuiondoa SMB ya kwanza katika Windows 10 kwa sababu za usalama, kompyuta za zamani na mpya zimekuwa hazionani. Septemba 2021, maboresho ya usalama ya Windows yalileta kosa namba 0x0000011b na kuwafungia wengi nje ya printa za pamoja. Wapo walioyafuta ili wateja wasiondoke, jambo ambalo ni sawa na kuacha ghala bila kufuli.

Njia nafuu ni kutopitia kompyuta ya mwenzako. Printa yenye tundu la waya wa mtandao iunganishwe kwenye ruta, ipewe anwani isiyobadilika, kisha kila kompyuta iielekezwe huko kwa IPP, mlango 631. Karatasi ikitoka na herufi za ajabu, kagua draiva. Huenda ni ya printa nyingine.

Yenye USB pekee ikae kwenye kompyuta ya Linux, CUPS iigawe. Kompyuta hiyo isizimwe saa za kazi.