Chujio la Kompyuta: Linamzuia Nani?



Kamati inayotaka kufungua chumba cha kompyuta kwa ajili ya vijana huulizwa na wazazi swali moja mapema kabisa: je, watoto wetu hawatafungua picha za ngono? Swali hilo ni la haki. Jibu la kawaida ni kuweka chujio, yaani programu inayozuia tovuti fulani zisifunguke. Katika makala hii tunaeleza jinsi chujio linavyofanya kazi, na jinsi lilivyowahi kuwafungia mlango vijana wanaotafuta msaada. Mfano wetu ni Marekani, kwa kuwa huko jambo hili limetungiwa sheria, limefanyiwa utafiti na kuamuliwa mahakamani.

Sheria ya 1996

Mwezi Februari 1996 Rais Bill Clinton alitia sahihi sheria iliyofanya kuwa kosa la jinai kuonyesha kwenye intaneti mambo "yasiyo na adabu" mahali ambapo mtu wa chini ya miaka 18 angeweza kuyaona. Adhabu ilikuwa faini au kifungo cha hadi miaka 2.

Miongoni mwa walioipinga mahakamani alikuwa Kiyoshi Kuromiya wa Philadelphia, mwanzilishi wa Critical Path AIDS Project, mradi uliotoa habari za UKIMWI kwa intaneti. Mradi huo ulieleza namna ya kujikinga kwa lugha ya wazi ambayo hata kijana angeielewa. Yeyote aliyewahi kuendesha semina ya UKIMWI anajua kwamba huwezi kueleza maambukizi bila kutaja viungo vya mwili. Je, maelezo hayo yangehesabiwa kuwa ni utovu wa adabu?

Tarehe 26 Juni 1997 Mahakama ya Juu ilibatilisha kifungu hicho. Ilitoa mfano wa mzazi anayemwandikia mtoto wake wa miaka 17, aliyeanza masomo ya chuo, barua pepe yenye maelezo ya uzazi wa mpango. Chini ya sheria ile, mzazi huyo angeweza kufungwa. Picha za ngono za watoto zilibaki marufuku kama zamani.

Sheria ya 2000

Mwishoni mwa mwaka 2000 ilipitishwa sheria nyingine. Shule na maktaba zinazopata punguzo la bei ya intaneti kupitia mpango wa serikali zilitakiwa kuweka chujio. Sheria hii inataja picha: picha chafu, picha za ngono za watoto, na picha zenye madhara kwa watoto. Haiamuru kuzuia habari za afya, wala ushauri kwa vijana wanaovutiwa na watu wa jinsia yao. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu iliikubali sheria hiyo, ikizingatia kwamba mtu mzima anayetumia maktaba anaweza kuomba chujio liondolewe.

Lakini chujio halisomi sheria. Kampuni huandaa orodha za tovuti na kuzipanga katika mafungu: kamari, silaha, ngono, dini na kadhalika. Msimamizi wa kompyuta huchagua mafungu ya kufunga. Tovuti iliyowekwa katika fungu lisilo lake hufungwa pamoja na nyingine zote.

Utafiti unaonyesha nini?

Mwaka 2002 shirika la Kaiser Family Foundation lilitoa matokeo ya utafiti kuhusu machujio yanayotumika mashuleni. Yalipowekwa katika kiwango cha chini, yalizuia asilimia 87 ya tovuti za ngono, na asilimia 1.4 tu ya tovuti za afya. Yalipokazwa hadi kiwango cha juu, yalizuia asilimia 91 ya tovuti za ngono na asilimia 24 ya tovuti za afya. Yaani faida ilikuwa ndogo sana, lakini karibu robo ya habari za afya ilipotea.

Kesi ya Camdenton

Mwaka 2011 wilaya ya shule ya Camdenton, katika jimbo la Missouri, ilishtakiwa. Miongoni mwa walalamikaji walikuwa PFLAG, chama kilichoanzishwa na wazazi wenye watoto wanaovutiwa na jinsia yao, na DignityUSA, kikundi cha Wakatoliki wa hali hiyo hiyo. Chujio la shule lilikuwa limeweka tovuti za kuwasaidia vijana hao katika fungu la mambo ya ngono, zikafungwa. Tovuti za kuwapinga ziliwekwa katika fungu la dini, zikaachwa wazi. Hivyo mwanafunzi aliweza kusoma upande mmoja tu. Februari 2012 Jaji Nanette Laughrey aliamuru shule iache kutumia chujio hilo. Kesi ilimalizika kwa makubaliano: shule ilikubali kufuatiliwa kwa miezi 18 na kulipa dola 125,000 za gharama za kisheria.

Kwa nini jambo hili ni zito?

Wengine watasema: kijana akikuta tovuti imefungwa, si aombe ifunguliwe? Hapo ndipo penye ugumu. Kijana anayeogopa kufukuzwa nyumbani hawezi kumwendea mwalimu na kutaja tovuti anayoitaka, maana kuomba huko ni kujitangaza. Huko Marekani, The Trevor Project ilianza mwaka 1998 kupokea simu za vijana hao wanaofikiria kujiua. Kijana wa namna hiyo akikuta mlango umefungwa, huondoka kimya. Ndivyo ilivyo pia kwa msichana anayehofia ana mimba, au mvulana anayehofia ameambukizwa. Mtu anaweza kuwa na msimamo wake kuhusu mapenzi ya jinsia moja, na bado akakubali kwamba kijana anayetaka kujiua lazima apate wa kuongea naye.

Mambo ya kuzingatia

Kwa kamati yenye chumba cha kompyuta, au inayofikiria kukifungua:

1. Mwulizeni fundi ni mafungu gani yamefungwa, na mwandike orodha yake.
2. Anzeni na kiwango cha chini, fungeni fungu la picha za ngono, na pangeni meza ili vioo vya kompyuta vionekane na msimamizi.
3. Jaribuni wenyewe kutafuta habari za UKIMWI, ubakaji, mimba na kuzuia kujiua. Zisipofunguka, rekebisheni.
4. Wekeni njia ya kuomba tovuti ifunguliwe bila kuandika jina, kwa mfano sanduku la karatasi.
5. Mchagueni mtu mzima anayejua kutunza siri, na vijana wajue anapatikana lini.

Kwa wahisani wetu: mnapochangia kompyuta, kumbukeni pia mafunzo na posho ya msimamizi huyo. Maswali ambayo chujio haliwezi kuyapima yatamfikia yeye.