Tuwatunze Walio Hai Kabla ya Kuwalilia

Hakuna mkazi wa Riruta, Kawangware au Kibera asiyeijua kamati ya mazishi. Mtu akiaga dunia, majirani hukutana siku iyo hiyo, mweka hazina huchaguliwa, na michango huanza kumiminika kwa njia ya simu. Fedha za mochari, jeneza, gari la kusafirisha maiti hadi kijijini na chakula cha waombolezaji hupatikana kwa muda mfupi. Huo ni utu, nasi tuna haki ya kujivunia. Hata hivyo, lipo swali linalostahili kujadiliwa na walimu na wanafunzi: mbona mara nyingi mchango wa marehemu hutimia upesi, ilhali mchango wa dawa za mtu yuyo huyo, alipokuwa kitandani, ulisuasua miezi na miezi?

Ili kulitafakari swali hilo, yafaa tuyatazame mafundisho ya Wayahudi kuhusu uhai na kifo. Wayahudi si wageni katika eneo hili. Ushirika wao wa Nairobi ulianzishwa mwaka wa 1904, na sinagogi lao lipo pale Uhuru Highway inapokutana na University Way. Huko Mbale, mashariki mwa Uganda, Semei Kakungulu aliishika dini hiyo mwaka wa 1919, na jamii aliyoiacha, yaani Abayudaya, ingalipo hadi leo.

Anayeifungua Torati akitarajia maelezo ya peponi na motoni atashangaa. Vitabu vitano vya Musa havisemi mengi kuhusu maisha baada ya kufa. Thawabu wanazoahidiwa watiifu ni mvua kwa wakati wake, mavuno, kizazi na siku nyingi katika nchi. Wafu husemwa kwamba wameshuka kuzimu. Fundisho la ufufuo hujitokeza waziwazi katika kitabu cha Danieli, ambacho wataalamu wengi hukihusisha na mateso ya mfalme Antioko katika karne ya pili kabla ya Kristo. Wakati huo watu waliuawa kwa sababu ya kuishika sheria ya Mungu. Ilikuwa lazima waumini wajiulize: watu hao watapata wapi haki yao?

Jibu halikukubaliwa na wote. Masadukayo waliukana ufufuo na Mafarisayo wakaukiri, kama ajuavyo kila mwanafunzi aliyesoma Matendo ya Mitume. Msimamo wa Mafarisayo ndio uliodumu, na katika karne ya 12 mwanafalsafa Moses Maimonides aliuweka ufufuo mwishoni mwa kanuni zake 13 za imani. Wengine walifundisha kwamba roho huweza kuzaliwa upya katika mwili mwingine. Kwa hivyo Wayahudi wanayo imani ya ahera, lakini hawana picha moja tu inayokubaliwa na wote. Kilichofafanuliwa kinaganaga ni wajibu wa mtu hapa duniani.

Chukua mfano wa Sabato. Hiyo ni siku takatifu kupita zote za juma, lakini maisha ya mtu yakiwa hatarini, kuivunja ili kumwokoa si ruhusa tu bali ni lazima. Amri zote hulegezwa mbele ya uhai, isipokuwa zile zinazokataza kuabudu sanamu, kuua na kufanya zinaa iliyoharamishwa. Aidha, mwanamume anapozikwa na joho lake la sala, ni desturi kukata kishada kimoja cha joho hilo. Vishada hivyo humkumbusha mtu amri za Mungu, naye marehemu amekwisha kuondolewa wajibu huo. Maana yake ni nzito: mlango wa kutenda mema u wazi kwa walio hai pekee.

Jambo la pili ni maziko yenyewe. Talmudi yasimulia kwamba zamani gharama za maziko zilipanda mno, hata jamaa wakayaona mazito kuliko kifo chenyewe, wakawa huiacha maiti na kukimbia. Ndipo kiongozi mmoja, Rabani Gamalieli, alipoagiza kwamba yeye mwenyewe azikwe kwa sanda ya kitani isiyo ya fahari. Umma ukamfuata. Hadi leo kwa mujibu wa mila yao tajiri na maskini huvishwa sanda nyeupe isiyo na mfuko, na maiti huzikwa upesi iwezekanavyo. Majirani zetu Waislamu, wakiwemo Wanubi wa Kibera, hawataona ugeni hapo.

Baada ya maziko, wafiwa hukaa matanga siku saba. Mlo wao wa kwanza hutoka kwa majirani. Si desturi wale chakula chao wenyewe. Tulinganishe na hali yetu, ambapo mara nyingi mjane hukopa ili awalishe waliokuja kumpa pole.

Pengine atatokea msomaji aseme kwamba mtu akiipenda mno dunia ataisahau mbingu. Mfano wa Mbale waonyesha kinyume. Mwaka wa 2004, J. J. Keki wa Abayudaya aliwaunganisha wakulima wa kahawa, Wayahudi, Wakristo na Waislamu, katika chama cha ushirika kiitwacho Mirembe Kawomera. Dini zao hazikubaliani kuhusu mengi ya ahera, lakini hazikuwazuia kuuza kahawa pamoja. Wazee wetu nao hawakuwa mbali na fikira hizi. Marehemu Profesa John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka wa 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alitumia maneno ya Kiswahili "sasa" na "zamani" kueleza kwamba kwa Mwafrika wa jadi uzito wa maisha umo katika yaliyopo na yaliyopita, wala si katika ulimwengu ujao wa mbali.

Sisemi kwamba tuache kuwasindikiza wafu wetu. Kumpeleka ndugu alale katika ardhi ya babu zake ni heshima, na hakuna ajuaye ukiwa wa mjini atakayeibeza. Nisemalo ni kwamba kamati yenye nguvu za kukusanya fedha za jeneza haikosi nguvu za kukusanya fedha za dawa, au karo ya mtoto aliyerudishwa nyumbani. Wahenga walituachia wosia kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Basi kamati zetu zisivunjwe baada ya matanga. Zibaki, ziandike majina ya wagonjwa na mayatima wa mtaa, na kila mwezi ziulize nani anahitaji nini.

Mgonjwa akichangiwa mapema, huenda kamati ya mazishi ikakosa kazi. Hakuna ukosefu wa kazi uliobarikiwa kuliko huo.