Mpunga Wahitaji Maji Kiasi Gani?

Mkulima wa Mwea, wa Ahero au wa Bunyala akiulizwa mpunga wahitaji maji kiasi gani, mara nyingi atajibu, "Tele." Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Mpunga si samaki. Ni mmea unaovumilia kusimama majini kwa sababu ndani ya shina lake mna njia za hewa zishukazo mpaka mizizini. Mahindi yakisimamishwa hivyo huoza. Lakini kuvumilia maji ni jambo moja, na kuyahitaji kila siku ni jambo jingine.

Tufanye hesabu pamoja, nayo si ngumu. Maji ya kina cha milimita 1 juu ya ekari 1 ni lita 4,000 hivi, yaani madebe 200 ya lita 20. Basi ukijaza shamba maji ya kina cha sentimita 5, umemimina madebe 10,000 katika kila ekari. Mwenye ekari 4, kama walivyogawiwa wapangaji wa kwanza wa Mwea, amemimina madebe 40,000 kwa kujaza mara moja tu.

Maji hayo huenda wapi? Kwanza, kulowesha ardhi na kuvuruga tope huchukua milimita 150 hadi 250 kabla mche mmoja haujapandwa. Kazi hiyo ikivutwa kwa majuma mengi, labda kwa kungoja trekta, huchukua zaidi sana. Pili, jua na majani huchukua milimita 4 hadi 7 kila siku katika nchi za joto. Tatu, kuna maji yanayozama chini na kupenya kwenye matuta: katika udongo mzito wa mfinyanzi ni milimita 1 hadi 5 kwa siku, na katika udongo wa mchanga yaweza kufika 25 au kupita. Tuseme shamba la udongo mzito linakaa na maji siku 100. Matayarisho milimita 200, jua na majani 500, yaliyozama 300. Jumla ni milimita 1,000, nayo ni madebe 200,000 kwa ekari moja. Katika hayo yote, mpunga wenyewe haukunywa hata nusu.

Basi kwa nini wazee walijaza maji siku zote? Walikuwa na sababu nzuri. Maji yaliyosimama huzuia magugu, na hakuna kibarua wa bei rahisi kuliko huyo. Kila njia ya kupunguza maji ni lazima itoe jibu la swali hili: nani atapalilia?

Njia ya kwanza ni ya kulowesha na kukausha kwa zamu, iliyofanyiwa kazi sana na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, iliyoanzishwa Ufilipino mwaka 1960. Miche hupandwa kama kawaida. Baada ya majuma mawili hivi, ukiona magugu yameshindwa, maji huachwa yashuke mpaka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, ndipo shamba hujazwa tena sentimita 5. Njia hii yaweza kupunguza maji mpaka sehemu 30 katika 100, bila mavuno kupungua. Lakini kuanzia juma moja kabla ya kuchanua mpaka juma moja baadaye, usikaushe. Mpunga ukiona kiu wakati huo, masuke hutoka na mapepe.

Ya pili ni kilimo shadidi, kilichoanzishwa Madagascar na padre Henri de Laulanié katika miaka ya 1980, kikaingia Mwea mwaka 2009. Hapo miche huhamishwa ingali michanga, ya siku 8 hadi 15, mche mmoja mmoja, sentimita 25 kwa 25. Udongo huwekwa unyevu na kukaushwa kwa zamu. Huokoa maji na mbegu pia, na wengi wamepata magunia mengi zaidi. Gharama yake ni palizi: mashine ya kusukuma kwa mkono yapaswa kupita shambani mara kadhaa, na shamba lisilosawazishwa vizuri halifai, kwa kuwa mche mchanga huzama upande mmoja na kukauka upande wa pili.

Kupanda mbegu moja kwa moja bila kitalu hupunguza maji ya matayarisho, lakini magugu huota pamoja na mpunga, na mwenye shamba chafu atajuta. Mpunga wa nchi kavu kama NERICA hauhitaji majaruba, bali wahitaji mvua ya kuaminika. Mahali pasipo na mfereji ni jambo jema. Mwenye mfereji hana haja ya kuuhamia.

Sasa neno kwa wenye udongo mweusi, na Mwea ndio mwingi. Udongo huo ukiloweka huvimba na kuziba, kwa hiyo hautoroshi maji. Ukikauka mno hupasuka nyufa pana, na maji mapya hupita humo kwenda chini. Hapo akiba yako yote imepotea. Nyufa nyembamba kama uzi hazina neno. Zikianza kupanuka, fungulia maji, hata kama hayajashuka zile sentimita 15.

Wengine husema, "Tuna bwawa la Thiba, kwa nini tujisumbue?" Bwawa hilo, lililofunguliwa mwaka 2022, huweka mita za ujazo milioni 15.6 hivi. Likimwagwa lote juu ya ekari 30,000 kwa kina cha sentimita 5, litajaza mara mbili na nusu tu. Mto huongeza, ni kweli, lakini mto wenyewe hupungua wakati wa kiangazi. Sisi wa hapa Ngara hununua pishori kwa kilo tusiulize imenywa madebe mangapi. Anayejua ni yule mwenye shamba mwisho wa mfereji.

Kupima maji hakuna gharama kubwa. Chukua kipande cha bomba la plastiki la urefu wa sentimita 30, pana kiasi cha kuingiza mkono. Litoboe matundu pande zote, katika sentimita 20 za chini, ulisimamishe hapo ulipotoboa liwe ndani ya udongo, mbali kidogo na tuta. Toa tope lote la ndani. Kila asubuhi pima kwa kijiti toka uso wa udongo mpaka maji. Na ukifunga mlango wako wa maji, mpashe habari jirani wa chini, asije akakesha kwenye mfereji akingoja zamu iliyokwisha fika.