Kupima Usugu wa Bakteria kwa Haraka (Sehemu ya Pili)

Kipimo cha kawaida cha usugu wa bakteria kwa dawa hula muda. Damu ya mgonjwa hutiwa kwenye chupa yenye lishe. Bakteria wakishaota huhamishiwa kwenye sahani na kulala humo usiku kucha. Kesho yake hupakwa kwenye sahani nyingine, juu yake vikapangwa vidonge vya karatasi vyenye dawa. Baada ya saa 16 hadi 20 mtaalamu huchukua rula na kupima kwa milimita duara tupu linalozunguka kila kidonge. Duara likiwa pana, dawa inafanya kazi. Bakteria wakiota mpaka ukingoni mwa karatasi, dawa hiyo ni bure. Yote hayo ni siku tatu au nne, na mtoto mwenye bakteria kwenye damu hana siku hizo.

Muheza, mkoani Tanga nchini Tanzania, jirani na wilaya ya Korogwe yenye kata ya Mashewa, hatari ya kutibu bila majibu hayo inajulikana. Utafiti wa hospitalini hapo uliochapishwa 2010 uliwapima watoto 3,639 waliolazwa na homa. 341 walikuwa na maambukizi makali ya bakteria, na kwa watoto waliokidhi vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya kupewa dawa za bakteria, zaidi ya nusu ya bakteria waliooteshwa hawakudhibitiwa na dawa ya kwanza iliyopendekezwa wakati huo.

Njia ya kwanza ya kuokoa muda ni kuruka hatua. Kwa utaratibu wa kamati ya Ulaya ya vipimo vya usugu, EUCAST, majimaji ya chupa iliyootesha bakteria hupakwa moja kwa moja kwenye sahani, na duara husomwa baada ya saa 4, 6 au 8. Ukingo usipoonekana vizuri hausomwi: sahani hurudishwa kwenye joto. Kwa maabara ndogo hii ndiyo njia ya busara, maana vifaa ni vilevile.

Njia ya pili huukamata usugu wenyewe ukifanya kazi. Kipimo cha Carba NP, kilichotangazwa 2012, huchanganya bakteria na dawa ya imipenemu pamoja na rangi nyekundu. Bakteria wakiivunja dawa, asidi hutoka na wekundu hugeuka manjano ndani ya saa mbili.

Ya tatu husoma vinasaba. GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani Desemba 2010, hutafuta kwenye makohozi kifua kikuu na usugu wake kwa dawa ya rifampisini, kwa muda usiozidi saa mbili. Kuotesha huchukua wiki kadhaa. Lakini mashine haifupishi barabara: makohozi ya mgonjwa wa Mashewa lazima kwanza yaifikie, hata kama masika yameharibu njia. Tena hujibu lile tu ililoulizwa. Ikionyesha usugu wa rifampisini, makohozi bado huhitaji vipimo vingine, ili daktari ajue ni dawa zipi zilizobaki.